Harufu ya Zabibu Nyumbani kwa Edina

Bwana Yesu asifiwe. Naona wa nyuma kule hamjaitikia, narudia: Bwana Yesu asifiwe. Haya, sasa tumesikilizana. Wazee wangu wa Kigogo, mbukwenyi. Shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na vijana nawasalimu.

Kwa mgeni asiyenifahamu, mimi ni Mama Tumaini wa mashine ya kusaga, kule Ipagala. Wapo wanaoniita Mama Pumba wakidhani sisikii. Nasikia, na unga wenu nawasagia vilevile. Leo mchungaji amenipa nafasi nieleze Bwana alivyotutendea, mimi na rafiki yangu Edina, na ameniomba nifupishe. Nitajitahidi, mchungaji, ila jambo lenyewe halikuwa fupi.

Ndugu zangu, nianze na hali niliyokuwa nayo. Mume wangu alipofariki nilibaki na mashine, nyumba isiyo na dari, na moyo uliokufa. Asubuhi nilikuwa nawasha mashine ili kelele zake zinizuie kufikiri. Iko siku nilisimama mbele ya ule mkanda unaozunguka, nikawaza mambo ambayo mama aliyeokoka hapaswi kuyawaza. Nasema wazi, maana ibilisi anapenda mambo ya kufichwa. Aliyenitoa pale ni Edina.

Edina ni karani wizarani, mwenye viatu virefu na kucha za rangi. Akitoka kazini alikuwa anapita kwangu, anavua viatu, anashika kopo, anawapimia wateja unga akiwa na gauni lake la ofisini. Anarudi kwake mweupe kuanzia nywele mpaka miguu, watoto wa mtaa wanamkimbia. Hakunihubiria wala hakuniuliza maswali. Alikaa nami tu, jioni baada ya jioni, mpaka siku moja nikajikuta nacheka. Kwa hiyo mjue, huyu ninayemzungumzia si rafiki wa kukutana kwenye harusi. Ningempoteza huyu, nisingejua pa kurudi.

Sasa, Edina ana kisukari tangu ujana wake. Ameniruhusu nilitaje hilo. Kila siku anajichoma sindano ya insulini tumboni, amezoea kama wewe ulivyozoea mswaki. Lakini mwili ulikuwa umemzidi, magoti yanalalamika, na kule maofisini kila mtu alikuwa na mlo wake mpya wa kupunguza kilo. Jioni moja akaja mashineni, akasimama katikati ya magunia ya sembe, akaniambia, "Dada, mimi naacha wanga."

Nikamwambia, "Basi umekuja kuniaga."

Tulicheka mpaka tukakaa juu ya magunia. Halafu akanishika mkono, akasema anaogopa kuanza peke yake, kwamba akiwa peke yake atarudi kwenye wali kabla wiki haijaisha. Nikamuuliza habari ya sindano zake, maana hilo nilikuwa nalijua. Akasema, "Daktari ameshanielekeza." Nikasema amina, tuanze.

Ndugu zangu, mkinicheka mna haki. Mama anayeuza unga anamsindikiza mwenzake kuukimbia unga! Lakini nilifanya kwa moyo wote. Tulikaa na simu yake tukaichambua milo yote inayosifiwa huko mitandaoni, maana ni mingi na kila mmoja una mitume wake. Upo huu wa keto, mafuta kwa wingi na wanga karibu na hakuna: mayai, parachichi, siagi, nyama yenye mafuta yake, mchicha na kabichi, na matunda unayaangalia tu. Upo wa hatua kwa hatua, mwanzo unabana kama huo wa keto, kisha unarudisha kidogo kidogo maharage, kiazi kitamu, mpaka uone mwili unasimama wapi. Upo wa nyama tupu, hata mboga hawataki. Edina alisema huo ndio wa mababu zetu wafugaji. Nikamwambia mababu zetu walikula uwele na mtama, asinisingizie ukoo. Na upo wa mwisho ambao hauna jina la kizungu: nusu ya sahani mboga, kipande cha nyama au samaki, na ugali usiozidi ngumi yako.

Mimi nilichagua huo wa ngumi. Edina akachagua keto, kwa sababu ndio unaoonyesha matokeo upesi, na kule ofisini mwenzake mmoja alikuwa amebadilisha nguo zote. Basi kila jioni tukawa tunakula pamoja, mimi na kingumi changu, yeye na mayai yake. Tukajifunza kula mlenda kwa kijiko, bila tonge la ugali. Mgogo anayekula mlenda kwa kijiko, jamani, mwambieni pole. Nilimkunia kabichi nikaikaanga kama wali. Nilimsagia nazi kavu ikawa kama unga, ikaziba chekeche la mashine siku nzima. Niliona uso wake unachongoka, anapanda ngazi bila kuhema, na nikamshukuru Mungu.

Halafu ikaja harufu.

Nilifika kwake mchana wa jua kali, siku ya mapumziko. Nilipofungua mlango ikanipiga puani harufu tamu, nzito, ya zabibu zilizoiva zikapitiliza. Mnaotoka Hombolo mnaijua, ile ya nyuma ya mapipa wanapokamulia divai, inayoita nyuki. Nikasema, leo huyu kaanguka, kanunua zabibu. Nikamtania. Akaniangalia tu, akasema, "Zabibu zipi?" Na kweli msimu ulikuwa umekwisha, mizabibu imekatwa, imebaki vijiti. Nikatafuta jikoni, nikatafuta stoo, nikainama chini ya kitanda. Hakukuwa na tunda wala ganda. Lakini nilipoinua mto wake ili nitandike, harufu ilitoka ndani ya mto.

Nilirudi nyumbani. Nilioga, nikabadilisha nguo, na bado niliisikia.

Wakati huo mama yake Edina aliwasili kutoka Mpwapwa. Alikuwa amesikia binti yake hali ugali, akapanda basi. Sisi tunamwita Mama Mpwapwa. Aliingia, akaweka kikapu chini, akaenda moja kwa moja jikoni, akagusa sufuria ya ugali, akagusa jiko. Vyote vya baridi, vina vumbi. Akageuka akauliza, "Nani amefariki?" Kwao jiko linaachwa baridi nyumba ikiwa na msiba, majirani ndio wanaoleta chakula. Tukamweleza habari ya mlo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua viatu, akatandika mkeka sebuleni, akakaa chini miguu ameinyoosha, khanga kichwani, kama mfiwa. Tulimbembeleza ahamie kwenye kochi akakataa.

Baada ya siku chache akaniita pembeni. Akasema, "Mwanangu, humu ndani kuna mgeni."

Nikamuuliza mgeni gani. Akasema hajamwona, ila anakunywa maji. Anajaza jagi, anageuka, halina kitu. Ndoo ya jikoni imefunikwa vizuri na imeshuka hadi chini. Naye mwenyewe hanywi hivyo, na Edina ukimuuliza anasema hajanywa. "Kwetu," akasema, "mwenye kiu ya namna hii ni mtu aliyetoka mbali sana." Na mimi mwana wa Mungu niliyejazwa Roho nikasikia baridi mgongoni.

Akaanza kuacha kikombe cha maji mlangoni mwa chumba cha Edina, amekifunika na kisahani, ili huyo mgeni anywe aridhike, asiingie. Kila mara alikikuta kitupu, na kisahani kiko juu yake palepale.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa naye pale mkekani, tunachambua mboga. Nje kimya kabisa, upepo umesimama, mtaa mzima umelala. Mlango wa chumba ukafunguka. Edina akatoka, macho wazi, hatuangalii. Akainama, akaondoa kisahani, akanywa kile kikombe chote kwa mkupuo mmoja, akakirudisha sakafuni, akakifunika, akakigeuza ili mpini wake ukae ulivyokuwa. Akarudi ndani. Mama Mpwapwa alinishika goti akalifinya mpaka nikaumia. Nilimfuata Edina chumbani, nikamkuta amelala ubavu, anapumua kwa nguvu. Nikamwita. Akageuka akasema, "Dada, umefika saa ngapi? Nina kiu." Nikamwambia si umetoka sasa hivi kunywa maji. Akacheka, akasema hajatoka kitandani tangu asubuhi.

Ndugu zangu, niliogopa. Siku hizo nilikuwa nikimwangalia Edina naona ni yeye, na naona si yeye.

Basi nikafanya lile ambalo sote tungefanya. Nililipeleka kwenye kikundi chetu cha maombi cha nyumbani, na kiongozi wetu ni Mzee Lameki, yuko pale kiti cha mbele, shikamoo Mzee. Tumezungumza naye na amesema nisiruke kitu. Alikuja na wapendwa wengine wakaingia ile nyumba. Nilidhani watakemea pepo. Badala yake walisimama mlangoni, mmoja baada ya mwingine, wakavuta pumzi, na nyuso zao zikabadilika. Maana kwa wiki kadhaa Mzee Lameki alikuwa akitufundisha habari ya divai mpya ndani ya viriba vipya, yaani Roho anavyokuja kumjaza mtu. Na hapa tukasimama sisi watu wa Dodoma, tuliozaliwa katikati ya mizabibu, ndani ya nyumba isiyo na zabibu hata moja, tunanusa divai. Dada mmoja akapiga magoti. Mwingine akaanza kulia. Mzee Lameki akasema kwa sauti ya chini, "Amekuja."

Hakuna aliyemuuliza Edina anajisikiaje. Aliketi katikati yetu, mashavu yameingia ndani, anatabasamu. Nguo ilimning'inia. Watu wakasema angalia alivyong'aa.

Tangu siku hiyo wakawa wanakuja kunusa. Msikatae, wengine mko humu. Walikaa karibu naye wakivuta hewa. Mama mmoja aliazima khanga yake akalale nayo. Mwingine alileta mtoto mgonjwa, akamwomba Edina ampulizie usoni. Naye alipuliza, akitii kila alichoambiwa, na jikoni mama yake alikuwa anajaza jagi na jagi linaisha. Mimi nilikaa kati. Upande mmoja kuna mgeni anayekunywa maji, upande mwingine kuna utukufu, na mimi naitikia huku na huku. Nilikuwa naogopa kuonekana sina imani. Mjane akishakubalika mahali anashikilia sana pale palipomkubali.

Ikafika Jumamosi. Ilikuwa imepangwa kwamba kikundi kifunge mfungo mkavu, bila chakula wala maji, ndani ya nyumba ya Edina na Edina akiwamo, mpaka Bwana aseme kusudi lake. Tulianza alasiri. Walimlaza kwenye mkeka wa mama yake, wakamzunguka wakaimba. Alikuwa ametapika asubuhi, wakasema ni uchafu unatoka. Midomo ilikuwa imepasuka. Na pumzi zake, ndugu zangu, zile pumzi. Mtu amelala chali, hajanyanyua hata mkono, anapumua kama aliyekimbia kutoka Hombolo mpaka hapa. Ndani, nje, ndani, nje, kwa kina, bila kupumzika, na kila pumzi inatoa ule utamu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kichwa kilinizunguka.

Mama Mpwapwa akanikonyeza, anataka maji, hata kama wengine wamefunga yeye ni mzee. Nikaenda jikoni nikafungua friji. Nyuma ya trei ya mayai nikaona dawa zake. Insulini, maboksi manne, hayajafunguliwa hata moja, na karatasi ya gundi ya duka bado iko juu. Nilikuwa nimemsindikiza mwenyewe kuzichukua, kabla harufu haijaanza.

Nilisimama pale mlango wa friji uko wazi. Sebuleni wimbo ukafika mwisho na hakuna aliyeanzisha mwingine. Ikabaki ile pumzi peke yake. Niliisikia ikipita ukutani, ikipita dirishani, nyumba yote ikawa kama inapumua na mimi niko ndani ya kifua chake. Nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Nikasema, Bwana, kama harufu hii ni yako nifunge mdomo, na kama si yako nifungue. Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Nilisikia tu mdomo wangu unasema kwa nguvu, "Edina, umeacha kujichoma tangu lini?"

Nilikuwa nimesharudi sebuleni, boksi liko mkononi. Edina akageuza kichwa. Akasema taratibu kwamba alipunguza kwanza, kisha akaacha, kwa sababu daktari alisema asiyekula wanga hahitaji insulini, sindano ni ya watu wa ugali. Nikamuuliza daktari gani. Akasema, "Yule wa kwenye kundi." Kundi la simu, ndugu zangu. Mtu anayejiita Daktari, ana picha ya parachichi, na hakuna aliyewahi kumwona.

Halafu macho ya Edina yakanipita, yakaenda nyuma ya bega langu, mlangoni, mahali pasipo na mtu. Akasema, "Baba, zabibu zimeiva. Mbona hamvuni?"

Baba yake alikuwa na shamba la mizabibu Hombolo. Alizikwa huko miaka mingi iliyopita, ndipo mama akarudi kwao Mpwapwa.

Mama Mpwapwa aliangusha kikombe kitupu alichokuwa amekishika akisubiri maji. Na wapendwa wangu wakalipuka kwa shangwe. Mavuno, wakasema, ni unabii wa mavuno. Wakainua mikono, wakaanza kunena kwa lugha, na Edina katikati yao anaendelea kumwangalia yule asiyekuwepo na kumnyooshea kidole.

Nilipita katikati ya ile mikono iliyoinuliwa. Nikasema huyu hatabiri, huyu anakufa. Nikarudia mpaka wakanisikia. Mzee Lameki akasimama mlangoni, hakuwa na hasira, alikuwa na machozi, akaniambia, "Mama Tumaini, usimzimishe Roho. Yuko karibu mno sasa."

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Toka mlangoni."

Akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akaitikia marahaba, kwa mazoea, na akasogea.

Magunia nimebeba maisha yangu yote, lakini sijawahi kubeba kitu chepesi kama Edina siku ile. Mama yake alinishika nguo, akalia kwamba nikimtoa nje mgeni atamfuata njiani. Nikamwambia, "Mama, na afuate. Na wewe panda." Tukajaa kwenye bajaji. Njia nzima harufu ilikuwa nasi, upepo unaingia huku na kutoka kule na bado haiondoki, mpaka dereva akauliza tumebeba pombe ya nini.

Hospitali walikimbia naye. Daktari aliyempokea alikuwa binti mdogo, ana miwani. Alimwinamia Edina mdomoni, akanusa mara moja tu, akaanza kuita watu. Wakaweka dripu mikono yote miwili, wakamchoma insulini. Baadaye alitoka kuniona. Nikamuuliza ile harufu ni ya nini. Akasema bila insulini sukari inabaki kwenye damu, haiingii mwilini, na mwili ukiona hauna cha kuwasha unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe kwa fujo, na moshi wake ni tindikali inayotoka kwenye pumzi na inanukia kama matunda. Kiu inatoka huko, kuhema ni huko, kuona wafu ni huko. Akasema, "Mama, mlichokuwa mnanusa ni mgonjwa wenu anaungua." Nikawakumbuka wale waliofunga dirisha ili harufu isitoke.

Nikamuuliza, je, kama ningemleta kesho angekuwa hai? Aliuliza kama ana ndugu wengine wa kuwajulisha.

Mimi na Mama Mpwapwa tulikaa kwenye benchi tukashikana mikono, na hapo nilimlilia Mungu kwa namna ambayo sikuwahi hata nilipofiwa. Sikumwomba ishara. Nilisema nirudishie mtu wangu. Na Mzee Lameki akaja, ametembea kwa miguu kutoka Ipagala, akaketi upande wa pili wa benchi, akaomba nasi mpaka walipotuita.

Edina alifungua macho. Pumzi ilikuwa imetulia. Niliinama karibu, nikanusa, na haikuwepo. Ilikuwa harufu ya dawa na ya mdomo wa mtu aliyelala sana, harufu nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Akaniangalia, mimi hasa, si nyuma yangu. Akasema, "Dada, una unga kwenye nyusi." Nililia kwa sauti, wauguzi wakanitoa nje. Msifuni Bwana, ndugu zangu. Msifuni huyo aliyemrudisha.

Sasa mtaniuliza, je, ile milo ni ya shetani? Hapana. Daktari mwenye miwani alikaa nasi akatueleza vizuri. Kupunguza wanga kunawafaa wengi, hata wenye kisukari, ila mwenye kisukari hapunguzi peke yake, maana chakula na dawa vinatembea pamoja na ukikigusa kimoja lazima mtaalamu akuangalizie cha pili. Na mwenye sindano kama Edina haiachi, hata asipokula kitu. Leo tuko naye kwenye mlo mmoja, wangu wa ngumi, sindano zake anachoma, kipimo anapima, kliniki nampeleka mwenyewe. Unapungua polepole, hauna sifa mitandaoni, lakini tunakula pamoja na tunaongea. Ukitaka kumsindikiza rafiki yako kwenye mlo, fanya hivyo, pika naye, kula naye. Na umuulize huyo daktari anaitwa nani, na anapatikana chumba namba ngapi.

Mimi nilifunguliwa siku ile, ndugu zangu. Ile hofu ya kuonekana sina imani ilibaki pale jikoni kwenye friji, sijaifuata. Mungu wetu hahitaji tufunge madirisha. Mtumainini huyo, yeye aliyenifungua mdomo mimi Mama Pumba mbele ya watakatifu.

Mchungaji, namaliza, usiangalie saa.

Mnajua nilipoitwa kuja mbele nilisimama kidogo njiani, mkadhani nimeangusha leso. Sikuangusha kitu. Nilikuwa nainama ili ninuse tena, nihakikishe. Ndugu zangu, ipo humu. Nimepita katikati ya viti na nimeisikia, tamu, nzito, ileile, na Edina hayumo humu ndani.

Mpendwa wangu, sitakutaja. Hata upande wa kiti chako sitautazama. Sijui nani alikuambia umepona uache dawa, sijui umekunywa maji kiasi gani tangu jana, na leo hatutaulizana. Bajaji iko nje, upande wa mlango wa nyuma. Edina amekaa ndani yake tangu ibada ianze, anasubiri tu mtu atoke, maana nilimwambia katika watu wengi hivi huenda yupo mmoja. Hatakuuliza neno. Atakushika mkono, na mtakwenda.

Waimbaji, nipeni wimbo wowote mrefu. Na wengine wote, tusimame tufumbe macho, na asifumbue mtu mpaka msikie ile bajaji imewaka.